Sauti Isiyo na Upande

Jumanne, 1 Julai 2025. Tanga

Friji ya duka la dawa, Barabara ya Nane. Malalamiko ya mwenye duka: "Inanguruma halafu inakata." Nilivuta kigoda nikakaa kando yake bila kufungua kitu. Ikanguruma kwa sekunde chache, tki, kimya. Baada ya muda ikaanza tena: mngurumo, tki, kimya. Ugonjwa umeshajitaja kabla sijashika spana. Mota inapata umeme lakini haizunguki. Mota iliyokwama hivyo huvuta umeme mara tano au sita ya ule wa kawaida, koili inachemka, kinga ya joto inakata. Sababu huwa moja kati ya tatu: rilei au kapasita ya kuwashia imekufa, umeme ni mdogo, au kompresa imekamata ndani. Umeme wa soketi nilipima, mzuri. Rilei nilitikisa, ikalia ndani. Nikaweka mpya, ikawaka papo hapo na kutulia kwenye ule mvumo wake wa chini ambao mwenye duka hausikii tena kwa kuuzoea.

Kijana ninayemfundisha kazi akauliza nilijuaje kabla ya kupima. Nimemwambia: mashine ikivuma usiulize kwanza inavuma kwa nguvu gani. Uliza inaanza lini, inadumu muda gani, inakoma vipi. Ile tki ndiyo iliyosema yote.

Jioni simu ya meneja wa kiwanda cha barafu. Bibi anayekaa nyuma ya ukuta wao amewapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Anadai usiku kuna kitu kinavuma chumbani kwake. Meneja alikwenda kusikiliza, hakusikia lolote. Anataka nimwandikie karatasi kwamba mitambo ni mizima. Nimemjibu kwamba karatasi naandika baada ya kuona.

Alhamisi, 3 Julai

Nimekwenda baada ya Isha, barabara ikiwa imetulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa uje uniambie nimezeeka?"

"Nimekuja kusikiliza tu."

"Basi kaa." Akanionyesha kitanda, chumba hakina kiti.

Anasema kinakuja na kuondoka. "Kinapumua," ndilo neno lake. Kila aliyeingia mle ndani ana maelezo yake. Binti yake anahofia jini la kisima cha zamani, sheikh ameshaitwa kusoma. Mjukuu anasema ni mnara wa simu. Jirani wa kulia anasema meli bandarini. Mwenyekiti anasema bibi ana presha.

Nimekaa katikati ya kitanda, nimetega masikio: hakuna kitu. Bibi akanitazama. "Wote wamekaa hapo hapo, wote wakasema hakuna kitu." Nikamwomba ruhusa, nikasogea hadi kwenye mto, nikachuchumaa kichwa kikiwa karibu na ukuta. Kikaja. Mvumo mzito, unapanda, unashuka, unapanda. Nikausindikiza na mshale wa saa: unapanda mara 24 kwa dakika, kila baada ya sekunde mbili na nusu. Nikarudi katikati ya kitanda, ukafifia. Nikasimama katikati ya chumba, ukarudi.

Chumba nimekipima kwa futi ya kamba: mita 3.6 toka ukuta wa kiwanda hadi ukuta wa pili. Mto uko ukutani. Nimemwomba ageuze kitanda, alale kichwa kiwe karibu mita moja kutoka ukutani. Amesema atafikiri, maana kitanda hakijawahi kugeuzwa tangu marehemu mumewe.

Jumapili, 6 Julai

Bibi amelala Muheza kwa mwanawe Ijumaa na jana. Nilikuwa nimemwachia swali moja: kule kilimfuata? Leo amejibu kwa simu kwamba kule alilala mpaka alfajiri. Hilo limeondoa jambo kubwa. Kuna watu ambao mvumo uko ndani ya sikio lenyewe: umri, kelele za miaka mingi kazini, baadhi ya dawa. Huo humfuata mtu shambani, safarini, popote penye kimya. Ukiwa unakwenda sambamba na mapigo ya moyo, ni wa kupeleka hospitali, hauna uhusiano na fundi. Wa bibi umebaki Tanga. Una nyumba.

Nimekaa na maswali ya kijana leo. Kwa nini watu wanne waingie chumba kimoja na kutoka na majibu manne? Nadhani ni kwa sababu sauti nzito haina upande. Mbu akilia, sikio la upande wake linasikia zaidi, kichwa kinalikinga lile jingine, mkono unajua wa kupiga. Sauti inayotetemeka mara 96 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 3.6 hivi. Wimbi refu hivyo kichwa cha mtu halikioni kabisa, linakizunguka, masikio yote mawili yanapata sawasawa. Kilichobaki kwa ubongo ni tofauti ndogo sana ya wakati kati ya sikio na sikio, na ndani ya chumba hata hiyo huvurugwa na sauti inayorudi kutoka kila ukuta. Ukuta wenyewe huzuia vizuri sauti nyembamba, yaani maneno na filimbi, lakini ile nzito huiruhusu ipite. Kwa hiyo inafika peke yake, imeachwa na zile sauti nyembamba ambazo zingeitambulisha, na inaonekana kutoka kila mahali.

Kitu kisichoonyesha kinakotoka, watu hukitafutia mwenyewe. Kwa bibi ni jini na mnara. Kwingine ni serikali. Katika mji wa Kokomo, jimbo la Indiana, Marekani, wakazi walilalamika miaka hadi mji ukaajiri wataalamu, na mwaka 2003 wakapata vyanzo viwili: feni ya mnara wa kupozea maji katika kiwanda kimoja, iliyotoa mtetemo wa mara 36 kwa sekunde, na kompresa ya hewa ya kiwanda kingine, mara 10 kwa sekunde. Feni na kompresa! Ndizo ninazoshika kila siku. Vikarekebishwa. Baadhi ya watu wakaendelea kulalamika vilevile. Kule Windsor, Kanada, watafiti waliunyoshea kidole mvumo wa mji wao mwaka 2014 kwamba unatoka ng'ambo ya mto, kisiwa cha Zug, penye matanuri ya chuma. Mwaka 2020 matanuri yalipozimwa, mvumo ukakoma.

Kwa hiyo hoja yangu kwa meneja ni hii: kusikiliza hakutoshi, hata kwa sikio zima. Dawa ni kuzima kimoja kimoja.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Sikukuu, hakuna kazi. Mjomba amekuja kula. Amestaafu uaskari wa wanyamapori, miaka yake mingi Mkomazi. Nikamtajia mvumo wa bibi, akaniambia tembo wanazungumza kwa sauti iliyo chini ya hapo.

Anasema aliwahi kuwaona makundi mawili, kila moja upande wake wa kilima, hayaonani. La huku likasimama ghafla, masikio yamekunjuliwa, hakuna anayetafuna. Kisha wote wakageuka kuelekea kilima. Yeye hakusikia chochote. "Kifuani nilihisi kitu," amesema, "lakini kifua cha askari porini kina mengi."

Jambo hilo lina historia. Mwaka 1984 mtafiti Katy Payne alikuwa kwenye bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, akahisi hewa inatetemeka karibu na tembo ingawa sikio halikupata kitu. Kanda zilipopimwa zikaonyesha miito ya chini kabisa, mingine mara 14 tu kwa sekunde, wakati sikio letu huanzia kama 20. Baadaye kazi hiyo ikaendelea Amboseli, Kenya. Mjomba anasema jioni ndipo walipopenda kuitana. Sababu ipo: jua likizama ardhi hupoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti badala ya kupotelea angani hupindwa kurudi chini. Katika hali hiyo mwito mkubwa wa tembo unaweza kufika kilomita 10.

Mjomba pia kanieleza habari za uzio wa mizinga kwa majirani zetu wa Sagalla, karibu na Tsavo. Mizinga huning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba. Tembo akigusa waya, nyuki wanatoka. Lucy King na wenzake waliwapigia tembo kanda ya nyuki tupu, bila nyuki hata mmoja. Tembo wakakimbia, tena huku wakitoa mngurumo wa kuwaonya wenzao. Mnyama mwenye ngozi ile anaheshimu mvumo kwa sababu anamjua mwenyewe wake.

Mjomba kaondoka na mfuko wa dagaa. Nyama ya kesho imekwisha leo.

Jumatano, 9 Julai

Kiwanda cha barafu, saa tatu usiku, kijana na mimi. Mjukuu wa bibi amekaa chumbani, kichwa ukutani, simu mkononi.

Nimeanza na kompresa kubwa. Bisibisi ndefu: ncha kwenye ganda la beringi, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Beringi nzima hunong'ona mfululizo. Iliyoliwa hukwaruza, na hukwaruza zaidi ukiongeza mzigo. Hii inanong'ona. Pampu ya maji nayo niliisikiliza: pampu inayonyimwa maji upande wa kuvuta huchemsha mapovu ndani na kulia kokoto. Hakuna kokoto. Vyote vizima, meneja akaanza kutabasamu.

Tukazima kompresa. Mjukuu: "Bado kipo." Tukazima pampu. "Bado." Tabasamu likapungua. Zimebaki feni mbili za kupozea koili, zilizofungwa kwenye fremu moja ya chuma, na fremu imefungwa kwa boliti kwenye ukuta wa bibi. Tukazima feni ya kushoto.

"Hakipumui tena," akasema mjukuu. "Lakini kinavuma moja kwa moja."

Tukawasha ya kushoto, tukazima ya kulia. Jibu lile lile. Tukazima zote mbili. Kimya simuni, halafu tukasikia sauti ya bibi mwenyewe kwa nyuma: "Alhamdulillah."

Hesabu nimeifanya pale pale juu ya boksi la soketi, kijana akiangalia. Feni ya kushoto inazunguka mara 1,440 kwa dakika, ya kulia 1,434. Mota ni pacha, kibati kimoja, lakini mota za aina hii hazifiki kamwe kwenye 1,500 ya umeme wenyewe. Hubaki nyuma kidogo, na kiasi cha kubaki nyuma hutegemea mzigo. Koili ya kulia imejaa vumbi na manyoya ya kunguru, feni yake inasukuma hewa kwa taabu zaidi. Kila feni ina mapanga manne. Mara 1,440 kwa mapanga manne ni mapigo 5,760 ya hewa kwa dakika, yaani 96 kwa sekunde. Ya kulia ni 5,736. Tofauti ni 24 kwa dakika. Sauti mbili zinazokaribiana hivyo kuna wakati zinasukuma pamoja na kuna wakati zinasukumana, na sikio husikia kupanda na kushuka mara 24 kwa dakika. Ndiyo pumzi ya bibi.

Na swali la kitanda limejibiwa. Chumba cha mita 3.6 na wimbi la mita 3.6: sauti inajazana kwenye kuta mbili na katikati ya chumba, na inapwaya robo ya njia kutoka kila ukuta, yaani kama senti tisini. Katikati ya kitanda kilichogusa ukuta ni senti tisini na kitu. Sheikh, mwenyekiti na meneja wote walikaribishwa kwa heshima pale pale ambapo sauti haipo. Bibi peke yake ndiye aliyelaza kichwa inapojazana.

Kibaya zaidi: mipira iliyo chini ya fremu imekauka ikawa migumu, haimezi mtetemo. Fremu inaupiga ukuta moja kwa moja. Nimempa meneja orodha: mipira mipya, kuosha koili, kukaza kinga za feni. Ameuliza kama kuna njia ya bei nafuu. Nimemwambia ipo: amhamishe bibi.

Jumamosi, 12 Julai

Ngoma ya baikoko usiku huu, mitaa kadhaa kutoka hapa. Kinachofika ni zile ngoma kubwa tu. Waimbaji hawasikiki, vigelegele havisikiki, maana hewa na kuta hula sauti nyembamba njiani na kuacha nene ziendelee. Asiyejua kuna shughuli angesema ni nini?

Binti wa bibi alinisimamisha sokoni leo. Anauliza kwa upole: mama aliwahi kuona kivuli kona ya chumba, na kuna usiku alitokwa jasho la baridi. Hilo nalo ni feni?

Nimemsimulia habari ya Vic Tandy, mhandisi Mwingereza. Alikuwa akifanya kazi kwenye maabara ambayo watu walisema ina mzuka. Usiku mmoja akiwa peke yake alihisi baridi na hofu, akaona umbo la kijivu pembeni mwa jicho. Siku iliyofuata alikuwa amebana upanga wa mchezo kwenye jiliwa autengeneze, akauona ukitetemeka wenyewe. Akautumia kutafuta ni wapi chumbani mtetemo ni mkubwa, akafika kwenye feni mpya ya kutolea hewa. Hewa ya chumba ilikuwa ikitetemeka karibu mara 19 kwa sekunde, chini kidogo ya sikio. Feni ilipobadilishwa jinsi ilivyofungwa, hali ile ikaondoka. Aliandika maelezo yake mwaka 1998.

Lakini mara 19 si mara 96, na bibi ana zaidi ya miaka themanini, ana kiza, ana upweke. Nimemwambia binti: mvumo nitautoa. Jasho la baridi mpeleke akapimwe presha na sukari. Sheikh naye aendelee kuja, bibi anapenda kusomewa.

Jumatatu, 14 Julai

Mipira haijafika kutoka Dar. Nimepita kumjulia hali bibi, nimekuta kitanda kimegeuzwa. Hakusema kitu, nami sikusema.

Bibi ana asili ya Ngazija, na ana ndugu Mayotte. Kanieleza kwamba mwaka 2018 walikuwa wanampigia simu wanalia, ardhi inatikisika siku baada ya siku, watu wanalala nje. Tetemeko la tarehe 15 Mei mwaka ule lilifikia ukubwa wa 5.8. Nikamweleza kilichotokea baadaye, tarehe 11 Novemba. Siku ile mtetemo mmoja ulitoka karibu na Mayotte ukaizunguka dunia, ukadumu zaidi ya dakika 20, mashine za kupima ardhi zikaunasa kuanzia huku Afrika Mashariki hadi Kanada na New Zealand. Mtu hata mmoja hakuusikia. Wimbi moja lilichukua sekunde 17 hivi, pole pole mno kwa mwili wa binadamu. Ndugu wa bibi waliokuwa karibu nao walikuwa wanapika chai.

Mwaka 2019 meli ya utafiti ikapeleka vipimo chini, ikakuta mlima mpya wa volkano, mita 820 kutoka sakafu ya bahari, kilomita 50 mashariki ya kisiwa. Wanasayansi wanasema mtetemo ule ulikuwa hifadhi ya uji wa moto ikivuma huko kilindini wakati uji ukihama.

Bibi kafikiri kidogo. "Basi wao walitikiswa na mlima, mimi nashitaki feni." Nikamwambia kila mtu anashitaki kinachomnyima usingizi.

Jumapili, 20 Julai

Kazi imekwisha jana. Mipira minane chini ya fremu, boliti za ukutani zimetolewa na fremu imesimamishwa kwa miguu yake yenyewe sakafuni. Koili imeoshwa, yametoka maji meusi na kiota kizima. Feni sasa zinaachana kwa mzunguko mmoja tu kwa dakika, na meneja amekubali kuanzia saa nne usiku hadi alfajiri iende moja peke yake. Kwa baridi hii ya Julai inatosha. Ikifika kaskazi tutaona. Amelipa nusu. Nusu nyingine "mwisho wa mwezi", na hakusema wa mwezi gani.

Usiku nimekwenda kusikiliza mwenyewe. Nimechuchumaa pale pale kwenye ukuta: kimya, au karibu na kimya. Nikamgeukia bibi nikitegemea shukrani.

"Kile kimeondoka," amesema. "Sasa kuna kingine. Chenyewe hakipumui. Kinatoka barabarani."

Ni kweli, kipo. Tulitoka nje pamoja, ameshika mkono wangu, nikamwonyesha transfoma kwenye nguzo. Umeme wetu unageuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, na chuma kilicho ndani hujinyoosha na kujikunja mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo kinavuma mara 100. Joule aliigundua tabia hiyo ya chuma tangu mwaka 1842. Transfoma ile imevuma pale miaka yote, ila feni zilikuwa zinaifunika.

"Na hii utaizima lini?"

"Hii nikiizima, bibi, mtaa mzima utakupeleka wewe kwa mwenyekiti."

"Mwenyekiti na aje," amesema, akigeuka kurudi ndani. "Safari hii nitamkalisha kwenye mto."